TAA YA OILI IKIWAKA: JE, INJINI INAUMWA AU WAYA UNADANGANYA?



Pengine mtashangaa kuona gazeti la ukulima likiandika habari za injini za mashua. Lakini fikirini kidogo. Mkulima wa kisiwa cha Mfangano hupata mbolea yake, mbegu zake na hata debe la mahindi kwa mashua, na mazao yake huvuka maji kabla ya kufika sokoni. Tena, injini ya dizeli inayosukuma mashua kubwa ni ndugu wa tumbo moja na ile inayovuta maji ya mto Kuja kwa pampu, na ile ya kinu cha posho, na ile iliyo ndani ya trekta. Zote zina oili ndani, na karibu zote zina kitu kidogo cha umeme kinachomwambia mwenyewe kama oili inasukumwa sawasawa. Kitu hicho kikiharibika, mwenye mashua na mwenye pampu hupata hasara ya namna moja.

Ndani ya injini, chuma huzunguka juu ya chuma mara elfu na zaidi kwa dakika moja. Kinachozuia vyuma hivyo visilane ni utando mwembamba wa oili. Oili haifiki huko yenyewe. Iko pampu ndogo inayoivuta kutoka beseni la chini na kuisukuma katika vijitundu mpaka kwenye beringi za krenki. Nguvu ya msukumo huo ndiyo tunayoiita presha ya oili. Nilipokuwa nikifundisha shule ningechora moyo na mishipa ubaoni, na mfano ni huo huo. Moyo ukisimama, damu haina faida hata kama imejaa mwilini.

Injini nyingi za dizeli, zikiwa zimeshika moto na zikifanya kazi, huonyesha presha ya pauni 30 hadi 60 kwa inchi moja ya mraba. Zikinguruma polepole bila mzigo huweza kushuka mpaka 15 hivi. Geji nyingine zimeandikwa kwa baa, na baa 1 ni karibu pauni 14 na nusu. Kitabu cha injini yako mwenyewe ndicho chenye neno la mwisho, basi kisifungiwe chumvi.

Sasa ile taa nyekundu. Watu wengi hudhani taa hiyo hupima presha. Haipimi. Inajua mambo mawili tu, kuna presha au hakuna, na kwake yeye "hakuna" ni pale presha inaposhuka chini ya pauni 5 au 7 hivi. Injini iliyotakiwa kuwa na 40 ikiwa na 12, taa haitasema neno, na huku beringi zinakwisha. Kwa hiyo taa si mlinzi anayekuamsha mwizi angali njiani. Ni mlinzi anayepiga yowe mwizi akiwa amekwisha kumfungua ng'ombe. Ikiwaka, hapana nafasi ya mabishano.

Taa hiyo huwashwa na swichi ndogo iliyokazwa ubavuni mwa injini, kiasi cha kidole gumba. Ndani yake mna utando unaonepa na vipande viwili vya shaba. Injini ikiwa imezimwa, vipande hivyo hugusana. Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi, kisha katika ufunguo, kisha katika taa, halafu hushuka kwa waya mmoja mpaka swichi ya oili, huingia katika chuma cha injini, na kurudi katika betri kwa waya mnene ambao mafundi huuita athi. Injini ikianza na oili ikapata nguvu, utando husukumwa, shaba huachana, na taa huzimika. Ishike njia hii ya umeme kichwani, maana kila kosa tutakalolitafuta limejificha mahali fulani katika njia hii.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo nusu tu na utazame. Taa sharti iwake. Ikiwa kuna king'ora, sharti kilie. Watu hukichukia king'ora hiki, wakidhani kinalia bila sababu, lakini kulia kwake injini ikiwa kimya ndiyo alama ya uzima wake. Taa isipowaka asubuhi, mlinzi wako amekufa, wala usiwashe injini na kusema utaitazama jioni. Kosa hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halimsumbui mtu. Taa iliyozimika siku zote inapendeza macho.

Kumtafuta mlinzi aliyekufa ni kazi ya dakika tano. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa, chomoa ule waya kwenye swichi ya oili, ukwangue mahali pa injini mpaka chuma king'ae, na uguse hapo kwa ncha ya waya. Taa ikiwaka, basi betri, fyuzi, balbu na waya vyote ni vizima, na kosa ni la swichi yenyewe. Lakini kabla hujanunua swichi nyingine, ifungue na uitazame mikato yake. Fundi aliyeikaza mara ya mwisho huenda aliizungushia tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, tena mizunguko mingi, ili oili isivuje. Tepu hiyo huzuia oili, na yaweza kuzuia umeme pia. Swichi ya waya mmoja hurudisha umeme wake kwa kugusana na chuma cha injini, na ukiivisha tepu ni kama umeikata. Swichi nzima nyingi hutupwa kwa sababu hii.

Taa isipowaka hata ukigusa chuma, rudi nyuma polepole: balbu, fyuzi, vichwa vya waya vilivyoota kutu ya kijani, waya uliokatika ndani ya gamba lake. Katika mashua nyingi injini imekaa juu ya mipira ili isitikise ubao, na kwa hiyo haina njia ya kurudisha umeme ila ule waya mnene. Ukilegea, huathiri mambo mengi kwa pamoja. Stata ikizunguka kivivu na taa ikiwa hafifu, anza hapo.

Mwenye mashua ya chuma au ya alumini aangalie jambo jingine. Mashua nyingine za namna hiyo zimefungwa waya mbili kwenye swichi, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, ili umeme usipite katika chuma na kukila polepole ndani ya maji. Hapo kugusa injini kwa waya hakuonyeshi kitu. Chomoa waya zote mbili na uziguse zenyewe kwa zenyewe. Wala usikubali fundi wa matatu akukatie waya wa pili akisema hauna kazi.

TAA ISIYOTAKA KUZIMIKA

Sasa tuje kwenye kosa ambalo ndilo hasa limenifanya niombe nafasi katika gazeti hili. Injini inanguruma, na taa inawaka. Utafanya nini?

Wengi hufanya hivi. Huchomoa waya. Taa huzimika. Husema, "Ahaa, ilikuwa swichi," na huendelea na kazi. Tazama vizuri kosa la hoja hiyo. Ukichomoa waya wa swichi, umekata njia ya umeme, na taa itazimika kama swichi ni mbovu, na itazimika vile vile kama injini haina tone la presha. Jaribio hilo halikukuambia lolote juu ya injini. Ni kama mtu aliyesikia mtoto analia usiku, akaziba masikio yake, kisha akasema mtoto amenyamaza.

Kikundi kimoja cha wakulima kando ya mto Kuja kilikuwa na pampu ya dizeli, na mwangalizi wake aliona taa inapepesa. Akachomoa waya, na kumaliza asubuhi yote akivuta maji. Pampu ilikuwa imewekwa ukingoni penye mteremko, oili imekimbilia upande mmoja wa beseni, na bomba la kuvutia lilikuwa likinyonya hewa. Saa sita injini ikashikana, hendeli haizunguki. Nyanya zilikuwa katika maua. Vipuri vilipofika kutoka Kisumu, maua yalikuwa yamekauka, na yule mwangalizi hakuwa mtu mvivu wala mjinga. Alijua kiasi cha kuizima taa, lakini hakujua zaidi ya hapo.

Basi utaratibu ni huu, na usiupindue. Kwanza zima injini. Pili, ngoja dakika chache, hakikisha injini imekaa sawasawa bila kuinama, na upime oili kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua, umekwisha kupata jibu, na lililobaki ni kujua ilikokwenda. Ikiwa imezidi alama, usifurahi. Inusie. Ikinuka dizeli, dizeli inavuja ndani na kuifanya nyepesi kama maji ya chai, nayo oili nyepesi haishiki presha. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Hayo yote si makosa ya umeme, na hakuna waya utakaoyatibu.

Tatu, ikiwa oili ni ya kutosha na ni safi, pima presha yenyewe. Ifungue swichi ya oili, na mahali pake ukaze geji ya fundi, ile yenye bomba na mshale, isiyotumia umeme wowote. Angalia mikato ilingane, maana nyingine ni za Kiingereza na nyingine za milimita, na ukilazimisha kwa spana utaharibu tundu la injini. Washa, utazame mshale kwa muda mfupi. Mshale ukilala chini, zima mara moja. Ugonjwa uko ndani ya injini, na taa ilikuwa ikisema kweli. Mshale ukipanda mpaka kiasi kilichoandikwa kitabuni, hapo tu ndipo una haki ya kusema kwamba umeme unadanganya.

Ukisha kuhakikisha presha ni nzuri, kule kuchomoa waya sasa kuna maana. Rudisha swichi mahali pake, washa injini, kisha chomoa. Taa ikizimika, swichi ni mbovu, nunua nyingine. Taa ikiendelea kuwaka na waya umening'inia hewani, basi waya umechunika na kugusa chuma mahali fulani. Ufuate kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Mara nyingi utaona panya wameutafuna, au umelalia bomba la moshi na kuungua, au umesuguliwa na kibano mpaka shaba ikatokeza. Mtikiso wa dizeli ni msumeno usiochoka. Waya ufungwe imara karibu na injini, lakini uachiwe urefu kidogo wa kucheza, usivutwe kama kamba ya kuanikia nguo.

Geji ya namna hiyo yaweza kununuliwa na kikundi kizima, au na chama cha ushirika, ikawekwa pamoja na spana. Itatumika kwa pampu, kwa kinu na kwa mashua. Kwa maoni yangu ingekuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa baada ya injini yenyewe.

Na ikiwa taa haiwaki moja kwa moja bali inapepesa? Tazama inapepesa wakati gani. Ikipepesa mashua inapolala upande au inapopanda wimbi, na kuzimika maji yanapotulia, ni oili iliyopungua: bomba la kuvutia linaachwa wazi kila mashua inapoinama. Ndiyo hadithi ile ile ya pampu ya Kuja, ila mteremko wenyewe unatembea. Kosa la waya halijali mawimbi kwa namna hiyo. Lenyewe hufuata mtikiso. Zima injini, acha ufunguo wazi, taa ikiwa inawaka, na utikise waya kwa mkono. Ikikatika na kurudi, kichwa cha waya kimelegea.

Yote haya nimeyasema kana kwamba tumesimama nchi kavu. Ukiwa majini, amri ya kuzima injini ina jambo linalotangulia. Ziwa letu lina desturi yake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Na tufani nyingi za upande wetu huja alasiri. Mashua iliyozimika mchana husukumwa kwenye miamba, na iliyozimika usiku husukumwa kwenda maji makuu. Kwa hiyo taa ikiwaka, nahodha apunguze mwendo, atazame upepo unamsukuma wapi, aelekeze mashua mahali pa salama, na atupe nanga, kisha azime. Ikiwa miamba iko karibu na nanga haishiki, mashua iendeshwe mpaka iepuke, hata kama injini itakufa kwa kufanya hivyo. Injini hununuliwa. Kwa sababu hii mashua isiyo na nanga yenye kamba ndefu, makasia, na maboya ya kuvaa kwa kila aliyemo, haifai kubeba hata gunia moja la mbolea yako.

GEJI YA MSHALE NA VIPIMO VIPYA

Injini kubwa kidogo huwa na geji ya mshale mbele ya nahodha pamoja na taa. Geji hiyo ya umeme haitumii swichi ya kugusana na kuachana. Hutumia kipimo ambacho ugumu wake kwa umeme hubadilika kadiri presha inavyobadilika. Ugumu huo hupimwa kwa omu, na hapa ndipo watu huingia hasara dukani, kwa sababu ziko namna mbili zilizoenea. Namna ya Ulaya huwa na omu 10 hivi injini ikiwa imezimwa, na hupanda mpaka kama 180 presha ikijaa. Namna ya Marekani hufanya kinyume: omu 240 imezimwa, na hushuka mpaka 33 hivi presha ikijaa. Kwa sura zinafanana, na mikato yaweza kulingana. Ukichanganya kipimo cha namna moja na geji ya namna nyingine, mshale utakuonyesha presha tele wakati injini imelala, na utaanguka wakati inafanya kazi. Ukienda dukani, chukua kile cha zamani mkononi, na usome pia yaliyoandikwa mgongoni mwa geji.

Kujaribu geji, chomoa waya wa kipimo ufunguo ukiwa wazi. Kwa namna ya Ulaya mshale huenda mwisho wa juu, na ukigusa chuma kwa waya hurudi chini. Kwa namna ya Marekani ni kinyume. Mshale ukienda pande zote mbili kama inavyotakiwa, geji na waya ni vizima, na kipimo ndicho kibovu. Usiache waya umegusa chuma kwa muda mrefu. Na ukiona mshale wa oili na ule wa joto vinaruka pamoja unapowasha taa za mashua, usivunue vipimo viwili. Athi wanayoitumia pamoja imelegea. Kwangua, kaza, na upake grisi.

Tunayo bahati kwamba maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Mombasa, hivyo kutu si ya haraka kama huko. Lakini ngama, yaani yale maji yanayokusanyika chini ndani ya mashua, yakichanganyika na maji ya omena na mbolea iliyomwagika, hula shaba vizuri tu. Yafuliwe kila siku. Mbolea hasa ni adui wa waya, kwa hiyo magunia yasilazwe karibu na betri wala injini.

Injini mpya zilizo na kompyuta zina kipimo cha waya tatu: mmoja huleta volti 5, mmoja ni athi, na wa tatu hupeleka habari. Kipimo kizima cha namna hii, katika injini nyingi, hutoa karibu nusu volti presha ikiwa sifuri, na hupanda hadi volti 4 na nusu presha ikijaa. Kikitoa sifuri kabisa au volti 5 kamili, waya umekatika au umegusana. Hapa usitumie lile jaribio la kugusa chuma, wala balbu ya kujaribia, maana waweza kuiunguza kompyuta ambayo bei yake haifanani na ya swichi. Mwite fundi mwenye mita ya umeme. Umweleze tangu mwanzo mambo manne: kijiti cha oili kilionyesha nini, geji isiyo ya umeme ilisoma pauni ngapi, taa iliwaka injini ikiwa baridi au imeshika moto, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kukata au kuunga waya. Hilo la nne usimfiche, hata kama aliyekata ni mwenyekiti wa kikundi.